Baba Hayupo, Dawa Ipo

Katika kurasa hizi nimesoma habari nyingi za nyumba za wengine, nami nimefaidika nazo. Leo naomba nafasi nieleze habari ya nyumba yangu. Si habari ya kujisifu. Ni habari ya daftari moja la shule, la kurasa 48, tulilolinunua dukani kwa shilingi 500. Daftari hilo lilinisaidia kupona kifua kikuu, na siku moja nilitaka kulichana.

Mimi ni mkulima wa Wilaya ya Mbozi, katika Mkoa wa Songwe, ule uliotengwa na Mkoa wa Mbeya mwaka 2016. Nina kahawa kidogo, na mahindi na maharage ya kula nyumbani. Kama wanaume wengi wa huku kwetu, kazi za shamba zikipoa hushika njia kwenda Tunduma kutafuta fedha. Aliyefika Tunduma anaijua. Ni mji wa mpakani. Ukivuka tu uko Nakonde, nchi ya Zambia. Malori husimama foleni ndefu, mengine yanakwenda Zambia, mengine mpaka Kongo. Vumbi ni jingi, na watu wa kila kabila wanalala wanne au watano katika chumba kimoja. Kazi yangu ilikuwa kupakia na kupakua magunia. Ni kazi ya mgongo na kifua.

Mwishoni mwa mwaka 2016 nilishikwa na kikohozi. Mwanzoni nilisema ni vumbi la magunia. Nikanunua dawa ya maji dukani, chupa ya kwanza, ya pili, hata ya tatu. Usiku nilitoka jasho mpaka shuka ikalowa, ijapokuwa Mbozi ni nchi ya baridi. Suruali ikaanza kunilegea kiunoni. Jumapili moja kanisani nilikohoa hata nikalazimika kutoka nje, na watu wakageuka kunitazama. Siku hiyo mama watoto aliniambia, "Baba, kesho twende hospitali. Usiponipeleka, mimi nitakupeleka wewe."

Tulikwenda. Makohozi yakapimwa, na jibu likawa kifua kikuu. Nilipimwa uzito nikawa kilo 46, mimi niliyekuwa nikibeba gunia la mahindi. Nilipimwa pia virusi vya Ukimwi, kama wanavyopimwa wagonjwa wote wa kifua kikuu, nikaonekana sina. Mwuguzi mmoja, mama mtu mzima, akaniketisha akanieleza yote polepole. Matibabu ni bure katika nchi yetu. Ni ya miezi 6. Miezi 2 ya kwanza ningemeza kila siku vidonge ambavyo kila kimoja kimechanganya dawa nne: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Miezi 4 inayofuata ningemeza vyenye dawa mbili tu, rifampisini na isoniazidi. Kwa uzito wangu ilikuwa vidonge 3 kila asubuhi, kabla ya kula. Mtoto wetu mdogo, aliyekuwa na miaka miwili, alipimwa pia, akaonekana mzima, naye akapewa dawa ya kinga kwa sababu alikuwa akilala chumba kimoja nami.

Halafu akaniuliza, "Nani nyumbani atakutazama ukimeza?" Nikajibu, "Mama, mimi ni mtu mzima, nitajitazama mwenyewe." Akacheka kidogo, akasema, "Baba, katika shauri la dawa za miezi 6 hakuna mtu mzima. Sote ni watoto." Basi tukamchagua mama watoto awe msimamizi wangu. Kadi ya hospitali ilikuwa na vijumba vidogo vya kutia alama kila siku. Lakini mwuguzi akatushauri tuongeze daftari la nyumbani, kwa kuwa kijumba kidogo hakina nafasi ya kuandika jinsi mgonjwa anavyojisikia. Mama watoto hakusoma sana, na mwuguzi hakupenda mgonjwa ajiandikie peke yake. Kwa hiyo kalamu ikawa ya binti yetu, aliyekuwa darasa la sita. Mama atazame, binti aandike, baba ameze. Hivyo ndivyo tulivyogawana kazi.

Tulianza Jumatatu, Machi 6, 2017. Daftari hilo ninalo mpaka leo. Ukurasa wa kwanza umeandikwa hivi: "Saa 12 asubuhi. Vidonge 3. Baba kameza. Anakohoa sana. Hakula uji." Siku ya pili: "Vidonge 3. Mkojo wa baba umekuwa rangi ya chungwa. Baba anaogopa." Kweli niliogopa, nikadhani natokwa na damu. Mama watoto akanikumbusha maneno ya mwuguzi kwamba rifampisini hufanya hivyo, wala si jambo la hatari. Mimi nilikuwa nimeyasahau kabisa. Kichwa cha mgonjwa, ndugu zangu, ni kama kikapu kilichotoboka.

Katika juma la tatu binti aliandika, "Baba kalala usiku wote." Katika juma la tano, "Magoti yanauma." Katika la sita, "Nyayo za baba zinawaka kama moto." Nilipokwenda kuchukua dawa, mwuguzi aliniuliza, "Unaendeleaje?" Nami nikajibu kama tunavyojibu sote, "Naendelea vizuri, mama." Akasema, "Hebu nipe daftari." Alisoma, akakunja uso. Maumivu ya magoti, alisema, huletwa na ile pirazinamidi, nayo yangepungua dawa hiyo ikiisha. Lakini nyayo kuwaka ni kazi ya isoniazidi, ambayo humwondolea mtu vitamini B6 mwilini. Akanipa vidonge vya vitamini hiyo, na baada ya majuma machache moto wa nyayo ukazimika. Angalieni basi: mdomo wangu ulisema vizuri, daftari likasema nyayo zinawaka. Ningesikilizwa mdomo, ningekaa na moto ule bure, pengine ningeichukia dawa yenyewe na kuitupa.

Mwisho wa Aprili makohozi yalipimwa tena, yakaonekana safi. Uzito ulikuwa kilo 50. Mei nikaanza vidonge vya dawa mbili. Nilikula ugali na maharage nikaomba nyongeza, nikapalilia kahawa, na kikohozi kikaisha kabisa. Hapo ndipo hatari yangu ilipoanza, wala sikuitambua.

Juni ni wakati wa mahindi huku kwetu. Watu wanavuna, wafanyabiashara wanakuja na malori yao, na mpakiaji hakosi kazi. Rafiki zangu wa Tunduma wakanipigia simu kwamba kuna kazi nzuri. Jumapili jioni, Juni 11, nilifunga nguo zangu. Mama watoto akauliza, "Na dawa?" Nikamjibu nimekwisha kuziweka. Ulikuwa uongo. Nilikuwa nimezificha chini ya sanduku. Nitaeleza sababu, maana nadhani siko peke yangu. Kwanza, nilijiona mzima. Pili, niliona haya. Chumba chetu cha Tunduma tulilala wanaume watano, nami sikutaka wenzangu wanione nikimeza vidonge kila alfajiri, waulize, kisha waseme huyu ana kifua kikuu, asile nasi sahani moja. Tatu, nilijiambia ni siku tatu tu. Siku tatu zikawa tano, tano zikawa tisa.

Nilirudi nyumbani Jumanne, Juni 20, jioni, nina fedha mfukoni na kilo mbili za sukari. Watoto walifurahi. Baada ya kula, binti akaleta daftari chini ya taa ya sola kama desturi yetu. Nikamwambia kwa sauti ya baba mwenye nyumba, "Andika siku zangu za safari. Juni 12 mpaka leo, baba kameza vidonge 3."

Hakuandika. Alinyamaza, akanisogezea daftari. Nikaona siku zile zimekwisha kuandikwa. Mistari tisa, kwa mwandiko wake ule ule, kila mstari na tarehe yake: "Juni 12. Baba hayupo. Dawa ipo." "Juni 13. Baba hayupo. Dawa ipo." Hivyo hivyo mpaka Juni 20. Kumbe walikuwa wamezikuta dawa siku ya kwanza tu, walipokuwa wakifagia. Walinipigia simu, lakini simu yangu ilizimika chaji, nami kwa kweli sikuhangaika kuitia. Kila jioni mtoto yule alifungua sanduku, akahesabu vidonge vya baba yake, akaandika.

Nilipandwa na hasira. Nilisema, "Nani kakutuma kuandika haya?" Akajibu taratibu, machozi yakimlengalenga, "Baba, ulisema tuandike kila siku." Nikashika ukurasa ule ili niuchane. Mnajua daftari za shule zinavyofungwa kwa pini katikati. Ukichana karatasi moja, mwenziwe wa upande wa pili wa pini hulegea na kutoka. Na karatasi ile mwenziwe ilikuwa na siku nilizomeza kwa haki. Mkono ukasita. Mama watoto hakusema neno. Alikuwa amempakata yule mdogo, ambaye kila asubuhi alimeza dawa yake ya kinga kwa sababu yangu, na siku zote tisa hakukosa hata moja. Nikaliweka daftari chini, nikaenda kulala. Sikupata usingizi.

Asubuhi nilimeza vidonge vyangu 3, nikaenda zahanati. Njiani nilitunga maneno mengi ya kujitetea. Nilipofika nilisema, "Shikamoo mama," kisha maneno yote yakanipotea, nikampa daftari. Alisoma mistari ile tisa. Nilingoja anigombeze mbele ya watu. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Nani kaandika?" Nikasema ni binti yangu. Akasema, "Basi mshukuru. Huyu kakuponya."

Halafu akanieleza jambo ambalo nalitamani kila mgonjwa alijue. Vijidudu vya kifua kikuu havifi vyote kwa wakati mmoja. Vilivyo vingi na vikali hufa katika majuma ya kwanza, ndiyo maana kikohozi huisha na mtu hujiona mzima. Lakini baadhi hulala mwilini kimya, kama mbegu ardhini wakati wa kiangazi, na hivyo dawa haviuwi upesi. Miezi 4 ya mwisho ni kwa ajili ya hivyo vilivyolala. Mtu akiacha katikati, vitaamka na ugonjwa kurudi. Na akimeza leo, kesho akaacha, keshokutwa akameza, vijidudu vinaweza kuizoea dawa, isiviuwe tena. Hapo mtu anakuwa na kifua kikuu sugu, kinachohitaji dawa nyingine zilizo ngumu zaidi, na anayeambukizwa naye huanza na huo huo ugonjwa sugu. Hospitali ya Kibong'oto, kule mkoani Kilimanjaro, inajulikana nchini kote kwa kutibu watu wa namna hiyo. Niliwaza safari ya kutoka Mbozi mpaka Kilimanjaro, na nyumba nyuma yangu bila baba.

Kwa bahati njema, pengo langu lilikuwa chini ya mwezi mmoja. Makohozi yalipimwa, yakawa bado safi. Mwuguzi akasema nitaendelea na dawa zile zile, na siku tisa zilizokosekana zitaongezwa mwishoni. Badala ya kumaliza Agosti 20, ningemaliza Agosti 29. Nikafikiri: kama mtoto angeandika nilivyomwamuru, ningeacha dawa Agosti 20 nikiamini nimemaliza, nikiwa na pungufu ya siku tisa mwilini, na hakuna mganga duniani ambaye angelijua. Kitabu kingesema nimemeza. Mganga husoma kitabu, hawezi kuusoma moyo.

Kisha yule mama akanionyesha daftari lao kubwa la zahanati, lenye mistari ya wagonjwa wote, kila mmoja tangu siku aliyoanza mpaka alipomaliza, kapona, kahama au kafa. Akaniambia kwamba kazi hii ya kumfuata mgonjwa mmoja mmoja kwa maandishi ina sifa yake duniani, na sifa hiyo ilitoka hapa Tanzania. Mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma ulianzishwa mwaka 1977. Katika kazi hiyo alisaidia daktari mmoja kutoka nchi ya Chekoslovakia ya zamani, Karel Styblo. Bwana huyo alikuwa amefungwa katika kambi ya Wajerumani ya Mauthausen wakati wa Vita Kuu ya Pili, akaugua kifua kikuu huko huko. Pamoja na waganga wetu alionyesha kwamba hata nchi maskini, yenye vijiji vya mbali, inaweza kuwaponya wagonjwa wengi wa kifua kikuu, mradi dawa zisikosekane, mgonjwa atazamwe akimeza, na kila mmoja aandikwe na kufuatwa mpaka mwisho. Mwaka 1993 Shirika la Afya Duniani lilipotangaza kifua kikuu kuwa hatari ya dunia nzima, njia iliyohimizwa kwa mataifa mengine ilifuata mafunzo yale ya Tanzania. Nilipotoka pale nililiangalia daftari langu la shilingi 500 kwa macho mengine.

Siku iliyofuata nilifanya jambo moja zaidi. Niliwapigia simu wenzangu wa Tunduma, nikawaambia wazi nilichokuwa nikiumwa. Wawili walinyamaza. Mmoja akasema, "Ndugu yangu, hata mimi nakohoa mwezi wa pili sasa." Nikamwelekeza aende kupima. Haya yangu, basi, ilikuwa imemfunga mdomo mwenzangu pia.

Agosti 20 ilikuwa Jumapili. Binti akaandika, "Leo baba angemaliza." Agosti 29, Jumanne, akaandika, "Vidonge 3. Baba kamaliza." Makohozi ya mwisho yalikuwa safi, na mizani ikasema kilo 53. Nilimpa mwanangu kalamu mpya, na mbele ya mama yake nilimwomba radhi kwa maneno ya usiku ule. Wako watakaosema baba haombi radhi kwa mtoto. Mimi naona baba anayeweza kumeza vidonge mia tano na vinne aweza kumeza na hilo.

Wasomaji wapenzi, dawa za siku nyingi si za kifua kikuu tu. Katika vijiji vyetu wako wanaomeza dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi, za shinikizo la damu, za kisukari, za kifafa. Wengine watazimeza maisha yao yote. Kwao nasema haya niliyojifunza.

Kwanza, nunueni daftari, likae mahali pamoja na dawa, pamoja na kalamu iliyofungwa uzi. Pili, kila siku andikeni tarehe, saa, idadi ya vidonge, na neno moja au mawili ya jinsi mwili ulivyo. Tatu, mwandishi asiwe mgonjwa peke yake. Mtoto ajuaye kusoma anatosha, naye asiogopeshwe. Nne, siku iliyokosekana iandikwe kuwa imekosekana. Mstari wa ukweli unaoleta haya ni bora kuliko ukurasa mzima wa uongo unaopendeza. Tano, mwendapo kuchukua dawa, mpeni mganga daftari kabla hajauliza hali. Sita, ziko dalili ambazo hazifai kungoja siku ya zamu. Kwa dawa za kifua kikuu, macho yakigeuka manjano, au mtu akianza kuona ukungu, aende hospitali siku hiyo hiyo. Saba, wenye safari, hasa ninyi wa malori na wa mpakani, dawa ndiyo iwe ya kwanza mfukoni, kabla ya simu.

Daftari letu lilibaki na kurasa chache nyeupe mwishoni. Mama yangu mzazi alipopatikana na shinikizo la damu, hatukununua jingine. Tulipiga mstari chini ya Agosti 29, tukaanza na jina lake. Bibi hajui kusoma, lakini kila jioni huuliza, "Mmeniandika?" Nasi hujibu, "Tumekuandika, mama."